Chenji ya Kisogo

Jumanne, saa nane na robo mchana, mwanamume mwenye suruali ya kijivu aliweka noti ya elfu kumi chini ya kisahani, akageuka kutazama pazia, na Dada wa Juu akaendelea kukunja shuka kana kwamba hajaona kitu. Ndiyo ilikuwa taratibu ya chumba kile. Mgeni hulipa akiwa amekwisha vaa shati na hajavaa viatu. Pesa haipiti mkononi. Huwekwa chini ya kisahani cheupe chenye ua la bluu, mezani, karibu na redio. Mwenye chumba hukunja shuka. Mgeni huenda kwenye beseni kunawa uso, na maji yakianza kusikika, mwenye chumba huinua kisahani, hutazama mara moja tu, na kama kuna chenji huitumbukiza ndani ya kiatu cha kushoto pale mlangoni. Mgeni akivaa viatu ataikuta. Akitaka ataitoa, akitaka atatembea nayo mpaka kwake. Hayo ni yake na kiatu chake. Hakuna anayesema "shika," hakuna anayesema "asante," na hakuna anayehesabu mbele ya mwenzake.

Taratibu hiyo aliibuni mwenyewe, miaka kumi na minane iliyopita, alipoanza kupokea wanaume kwa malipo. Wa kwanza kabisa kumlipa alimhesabia noti kiganjani, moja moja, kwa sauti, akilamba kidole, kisha akamwambia, "Hesabu na wewe, usije ukasema nimekupunja." Akahesabu. Aibu ya kule kuhesabu ilimkaa mwezi mzima, kuliko hata aibu ya jambo lenyewe. Siku iliyofuata alikwenda kununua kisahani. Kikombe chake hakukinunua, maana hakuwa na kazi nacho.

Chumba kilikuwa juu ya duka la fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye sindano midomoni, shoga yake wa tangu ujana. Wageni walikuja saa nane hadi saa kumi na moja, kila mmoja na suruali mkononi. Waliiacha kwa Fundi ipunguzwe kiuno, wakapanda ngazi, wakashuka, wakaichukua. Mtaa mzima uliamini, au uliamua kuamini, kwamba hakuna anayejua viuno kama yule mama. Suruali ya kijivu ilikuwa imepunguzwa mara kumi na moja na bado ilimtosha mwenyewe, kwa sababu Fundi alikuwa na roho nzuri na katikati ya kupunguza alikuwa akiiachia.

Basi siku hiyo maji yalisikika kwenye beseni, Dada wa Juu akainua kisahani, akaona kwamba mzee wa kwenye noti amegeuka.

Nchi nzima ilimzoea mzee yule kwa miwani yake na tabasamu lake la kubana midomo. Sasa kilichoonekana kilikuwa kisogo, ukosi wa koti, na mkunjo mmoja wa nyama shingoni ambao hakuna aliyejua kuwa anao. Dada wa Juu aliinyanyua noti ikaelekea dirishani. Alama ya maji ilikuwepo. Uzi wa fedha ulikuwepo. Namba zilikuwa sawa. Akadhani ni kosa la wachapaji, akatumbukiza elfu mbili za chenji kwenye kiatu cha kushoto, kwa kuwa bei yake ilikuwa elfu nane, na mgeni akaondoka akichechemea kidogo kama kawaida yake.

Kabla ya kufunga chumba alifungua kopo la poda aiweke ile noti pamoja na wenzake. Ndani mlikuwa na noti kumi na nne za elfu kumi. Zote zilikuwa zimegeuka. Hata sarafu zilizolala chini ya kopo: yule ndege aliyechorwa akiwa amenyoosha shingo alikuwa amefunika kichwa kwa ubawa. Dada wa Juu alifunika kopo haraka. Aliona haya, kana kwamba amemfungulia mtu mlango akiwa hajavaa.

Pesa ile haikuwa ya mchezo. Ilikuwa ada ya muhula wa mwisho ya binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo cha uuguzi. Laki moja na elfu arobaini na tatu, zilipwe kufikia Ijumaa ya wiki ya tatu, la sivyo jina lifutwe kwenye orodha ya mtihani na miaka mitatu iende na maji. Kopo lilikuwa na laki na nusu. Zilitosha, tena na ziada. Binti alijua kwamba mama yake anamsaidia Fundi kupiga pindo. Dada wa Juu alikuwa na dua moja tu, kwamba mtoto amalize chuo kabla hajajua. Hakuomba asijue kabisa. Hakuwa mtu wa kuomba makubwa.

Siku ya pili alikwenda dukani kununua mchele na sabuni. Mwenye duka aliipokea noti, akaitazama, akafungua droo nyingine ya chini.

"Hizi nazipokea saba kwa kumi," alisema.

"Saba kwa kumi kwa nini?"

"Zimenipa kisogo."

"Pesa si pesa?"

"Pesa ni pesa, dada yangu. Ila hizi zinaona haya, na mimi nina wateja wenye heshima zao." Akamimina mchele kwenye mizani, akapunguza punje chache. "Zimeanza kuingia tangu jana. Sijui zinatoka wapi."

"Na mimi nitajuaje?"

"Sijasema unajua."

Mwenye duka mwenyewe alikuwa na suruali mbili kwa Fundi, zote za kahawia. Hilo, hata hivyo, si jambo la kusemwa mbele ya mizani. Akabeba mchele wake uliopunguzwa, akaenda zake.

Wiki haikuisha kabla mji haujazoea. Benki ilibandika tangazo lenye muhuri kwamba noti za kisogo ni pesa halali, zinabadilishwa saba kwa kumi, na wateja wanaombwa radhi kwa usumbufu. Wauza mboga walianza kubeba vipochi viwili. Watu walipodaiana walisema, "Nilikukopesha za uso, unirudishie za uso." Hakuna aliyeshangaa. Walichotaka kujua ni kiwango tu.

Tabu ikaanza kwenye viatu. Mkaguzi wa mizani, mtu mrefu anayekuja Alhamisi, aliondoka na elfu mbili za kisogo ndani ya soksi, akasahau. Mkewe alizikuta wakati wa kufua. Hakuuliza kitu. Alianika soksi kambani, na noti akaianika pembeni yake, katikati ya ua, kwa vibanio viwili, ikakaa pale siku tatu. Habari ilienea. Kuanzia hapo kila aliyepanda ngazi alikuwa na neno moja kabla hata hajaketi.

"Dada, samahani. Chenji yangu iwe ya uso."

Zamani wengi wao waliacha chenji bila kusema kitu. Ndiyo ilikuwa namna yao ya kujiona waungwana. Sasa hakuna aliyeacha. Walisimama mlangoni na kiatu mkononi, wakakichungulia kwenye mwanga, wakakitikisa. Ikabidi Dada wa Juu akanunue noti za uso dukani, elfu mbili kwa elfu tatu za kisogo, ili awape wageni wake chenji safi kwa noti walizochafua wenyewe. Ukilitazama vizuri, hilo lilikuwa ajabu kuliko la mzee kugeuka, lakini hili halikubandikiwa tangazo. Na zile za uso alizozitumbukiza viatuni hazikugeuka. Zilikaa humo zikitazama juu, zikimngoja mwenye mguu. Hilo nalo hakuna aliyelitilia maanani.

Akapiga hesabu. Laki na nusu ya kisogo, chuoni, kama nao wangefuata kiwango cha benki, ilikuwa laki moja na elfu tano. Alihitaji noti nyingine sita, na siku zilikuwa kumi na mbili.

"Shoga, hebu tukae chini na hili jambo," Fundi alisema, akatoa sindano midomoni, kitu alichokifanya kwa mambo mazito tu. "Lete kisahani."

Kisahani kikaletwa dukani, kikawekwa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Fundi alitoa noti yake ya elfu tano sidiriani, akaifunika, akamtazama shoga yake, akahesabu mpaka ishirini, akafunua. Mzee alikuwa palepale na miwani yake.

"Kisahani hakina kosa," Fundi alisema. "Na wewe huna kosa, maana noti hii nilikuwa nakupa wewe. Wanapolipa huwa wanatazama wapi?"

Dada wa Juu akafikiri. "Pazia."

"Wote?"

"Mmoja hutazama redio."

"Basi ndiyo hiyo. Wanageuka wao, na noti inageuka nao." Akarudisha noti yake sidiriani. "Sasa mwambie mmoja wao akutazame akilipa. Noti nne za uso ukizipata, tumemaliza kazi. Binti yetu anakwenda kuvaa nguo nyeupe."

Lilionekana jambo dogo, na Dada wa Juu alipanda ngazi siku hiyo akiwa mwepesi. Lakini ilimbidi kuvunja taratibu aliyoijenga kwa miaka kumi na minane. Mgeni wa kwanza alimwambia, "Leo nitazame unapoweka." Mgeni akacheka, akamtazama, akafika kidevuni, akakwama. Noti ikageuka. Wa pili alifika sikioni, akakaa hapo muda mrefu kweli, jasho likimtoka, kisha akaomba maji ya kunywa. Mkaguzi wa mizani alijitahidi kuliko wote. Alimshika mabega, akakaza macho mpaka yakamtoka machozi, lakini wakati noti inaachana na kidole alifumba. Yeye mwenyewe aliona aibu, akaacha chenji. Chenji yenyewe Dada wa Juu alikuwa ameinunua dukani.

Aliyeweza alikuwa fundi saa. Huyu alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mtu wa kimya, anayekuja mara moja kwa mwezi akiwa na suruali nyeusi isiyohitaji kupunguzwa popote. Kazi yake ilikuwa kutazama vitu vidogo vilivyoharibika bila kupepesa. Alipoombwa, alivaa miwani yake, akamtazama Dada wa Juu usoni, machoni, kwa utulivu ule ule, na Dada wa Juu akaacha kukunja shuka akamtazama na yeye. Fundi saa aliweka noti ya elfu tano, na noti ya elfu mbili, na noti ya elfu moja. Akainua kisahani mwenyewe. Wazee watatu, wenye miwani, na tabasamu la kubana.

"Umechoka, mama," fundi saa alisema.

"Kidogo."

"Nilikuwa sijaona." Akavaa viatu vyake polepole. Kiatu cha kushoto kilikuwa kitupu kwa kuwa alikuwa ametoa kamili. "Basi sitarudi tena. Usinielewe vibaya. Nikishakuona hivi siwezi tena."

Hakurudi. Dada wa Juu alilia kidogo baada ya yeye kuondoka, na hakujua kama anamlilia yeye au elfu nane za kila mwezi. Ile elfu mbili na ile elfu moja zilikwenda kwenye chenji za wageni wengine. Elfu tano hakuweza kuitoa. Aliifunga kwenye leso, akaiweka mbali na kopo la poda, isije ikaambukizwa.

Jumanne ya mwisho alimjaribu mwenye suruali ya kijivu. Huyu alimwacha mwisho makusudi, na sababu ni moja: mwanamume huyu alikuwa karani wa ada pale chuoni. Miaka mitatu sasa Dada wa Juu alikuwa akilipa kwenye dirisha lake. Chumbani alimwita dada, dirishani alimwita mama, na hawajawahi kuchanganya. Akiwa dirishani hajui ngazi za Fundi ziko wapi. Akiwa chumbani hajui chuo ni nini. Huo nao ulikuwa ustaarabu wao, na Dada wa Juu aliuheshimu mpaka siku hiyo.

"Kaka, nitazame unapoweka."

Karani alitazama pazia. "Huo si ustaarabu, dada. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Basi niambie jambo moja tu. Kule chuoni mnazipokea hizi?"

Karani alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwekundu, labda kwa kuinama.

"Sijui unazungumzia chuo gani," alisema, na akachungulia kiatu cha kulia, maana kwa kuchanganyikiwa alisahau kwamba chenji huwekwa cha kushoto, na cha kushoto alikuwa amekwisha kivaa na kukifunga.

Noti ishirini na moja zilipatikana Alhamisi alasiri. Fundi aliongeza mbili za kwake, za uso, akaziuza dukani kwa kisogo ili zipatikane nyingi, akasema asirudishiwe, kisha akasema arudishiwe zikipatikana.

Ijumaa saa nne asubuhi Dada wa Juu alikuwa kwenye foleni chuoni, na bahasha ya kaki kwapani, na binti yake ubavuni, kwa kuwa mwanafunzi alitakiwa kutia sahihi mwenyewe kwenye fomu ya mtihani. Binti alikuwa amevaa sare. Alikuwa amemzidi mama yake urefu kwa kichwa kizima, akimshika kiwiko kama wanavyofundishwa kuwashika wagonjwa. Nyuma yao kulikuwa na wazazi kama kumi. Juu ya dirisha palibandikwa karatasi: Noti za kisogo, saba kwa kumi. Chini yake karani alikuwa ameketi, amevaa mpira wa kuhesabia noti kwenye kidole gumba, anatazama kalenda ya ukutani.

"Mama, karibu."

Dada wa Juu alipitisha bahasha kwenye tundu la dirisha. Karani akahesabu visogo ishirini na kimoja, haraka, bila kuviangalia sana, kama mtu anayevijua. Laki moja na elfu arobaini na saba. Akaandika risiti. Binti akatia sahihi. Lilikuwa limebaki jambo moja dogo, chenji ya elfu nne, na Dada wa Juu alikuwa tayari kuiacha, alikuwa amekwisha anza kugeuka.

"Mama, chenji yako," binti alisema.

Karani alifungua droo. Akatoa noti mbili za elfu mbili, mpya, za uso, zilizolipwa asubuhi hiyo na mzazi mwingine. Akazisukuma kwenye tundu, macho yakiwa kwenye kalenda. Ubao wa dirisha ulikuwa mpana, na mikono miwili ilikutana katikati, vidole vyake upande mmoja wa noti na vidole vya Dada wa Juu upande mwingine. Hapo hapo, mchana kweupe, wazee wawili wakageuka. Hawakufanya haraka. Miwani ilikwenda kwanza, kisha shavu, kisha sikio, kisha ukosi wa koti.

Foleni nzima iliona. Mama mmoja aliyekuwa nyuma alivuta mkoba wake karibu na tumbo. Mzee mwenye kofia alirudi hatua moja. Mtu akaguna. Wote walimtazama Dada wa Juu. Walimtazama viatu, gauni, mikono, kisha wakawatazama watoto wao. Karani hakuna aliyemtazama. Noti zilikuwa zimetoka kwenye droo yake, zikageuka mkononi mwake, lakini watu kumi walikuwa na macho ishirini na yote yalikwenda upande mmoja.

Dada wa Juu alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, na siku zile, kwa jinsi mambo yalivyokuwa yakienda, ingeweza kabisa kupasuka kama ingetaka.

Karani aliinuka kufuata muhuri kabatini, akawapa mgongo. Binti akaona suruali. Likizo iliyopita alikuwa amekaa dukani kwa Fundi, anayemwita Mama Mdogo, akisaidia kazi ndogo ndogo, na aliwahi kushona kifungo cha mfuko wa nyuma wa suruali ya kijivu. Uzi wa kijivu ulikuwa umekwisha, akatumia wa kijani. Mama Mdogo alimwambia usijali, mwenyewe hatajua. Kifungo kilikuwa kipo, na uzi wa kijani. Binti alikitazama mpaka muhuri ulipogongwa. Kisha akatazama noti mbili mkononi mwa mama yake, akatazama dari.

"Anayefuata," karani alisema.

Walitembea mpaka nje ya geti. Binti hakuwa amemshika kiwiko tena. Hakumwachia kwa hasira. Mkono ulikuwa umeshika fomu, na fomu ilihitaji mikono miwili.

"Mama Mdogo hajambo?" hatimaye aliuliza.

"Hajambo. Anakusalimu."

"Naye msalimie."

Hayo ndiyo yote waliyoyasema juu ya jambo hilo, siku ile na baadaye.

Binti alifaulu, tena vizuri. Akapangiwa hospitali ya mji mwingine, akapata chumba cha kukaa, akavaa nguo nyeupe kama Fundi alivyosema. Kila Jumanne saa nane na robo karani alipanda ngazi, akaweka elfu kumi, akatazama pazia, akachukua elfu mbili za uso kutoka kwenye kiatu cha kushoto. Baada ya Ijumaa ile alikosa wiki mbili tu, kisha akarudi, na suruali ikapunguzwa mara ya kumi na tatu. Kiwango kilibaki saba kwa kumi. Mwenye duka aliweka droo ya tatu. Dada wa Juu hakuwa tena na ada ya kulipa, lakini alikuwa na kodi, na magoti, na miaka arobaini na minane, na ufundi wa pindo hakuwahi kuujua hata siku moja.

Mwisho wa mwezi wa tatu wa kazi, Jumapili mchana, binti alikuja nyumbani na mshahara wake wa kwanza. Mshahara ulikuwa umecheleweshwa ukatolewa wote pamoja. Alikuwa amenenepa kidogo. Alivua viatu mlangoni, vyeupe, vya kazini, akavipanga. Mama alipika, wakala, wakacheka juu ya mgonjwa mmoja aliyekataa sindano akakimbilia bafuni na kujifungia. Binti alieleza vizuri, akiigiza sauti, na Dada wa Juu alicheka mpaka akajishika mbavu, na kwa muda huo hakukumbuka kitu.

Kisha binti akafungua mkoba.

"Mama, nimekuletea kidogo. Ya matumizi."

"Aa, mwanangu, wewe una mahitaji yako."

"Ni kidogo tu."

Zilikuwa noti tatu za elfu kumi. Dada wa Juu alinyoosha mkono. Binti alizitandaza mezani, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi na upepo unaingia, alichukua kisahani chake cha chai akazifunika nacho zisipeperuke. Alikuwa anatazama nje, kwenye kamba ya nguo ya jirani.

"Ngoja ninawe mikono," alisema.

Dada wa Juu alingoja. Maji yaliposikika, akainua kisahani.

Visogo vitatu. Mkunjo wa nyama shingoni, ule ule. Alivitazama mara moja tu, akakirudisha kisahani taratibu, kisilie. Hakumlaumu. Mtoto alikuwa amelelewa vizuri, na alikuwa amejitahidi. Mama alijua jinsi ilivyo vigumu, alikwisha kuona wanaume wazima wakitoka jasho.

Akaenda kwenye sanduku, akatoa leso, akaifungua. Elfu tano ya fundi saa ilikuwa bado na uso wake, na miwani, na tabasamu la kubana. Aliiendea ile jozi nyeupe mlangoni, akainama, akaiweka ndani ya kiatu cha kushoto, kwa mkono wake, akiitazama.

Binti alirudi akijifuta mikono, akasema gari lake ni la saa kumi, wakakumbatiana, mashavu yakagusana na macho yakapishana. Akavaa kiatu cha kulia. Akavaa cha kushoto, akasimama kidogo, kidole kimegusa kitu. Hakuinama. Akafunga kamba.

"Haya mama. Nitakupigia nikifika."

"Nenda salama, mwanangu."

Dada wa Juu alisimama dirishani akamtazama anavyokwenda na njia, mrefu, msafi, kila mtu anampisha, akichechemea kidogo mguu wa kushoto. Alimngoja asimame avue. Alimngoja mpaka pembe ya barabara. Binti alipinda kona akichechemea vilevile, hakugeuka.